Shamba namba 418 na mtihani wa Jumapili

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumamosi, Chandana Lohar anahesabu hatua kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu."

Anasimama, anageuka kulia, anaingia katikati ya mpunga uliomfika kiunoni na kuanza hesabu upya. Hatua ya kumi na tisa anachuchumaa, anachomeka kigingi cha chuma na kukigongea kwa jiwe. Kuanzia hapo atafunga kamba, mita tano kwa mita tano, mraba ulionyooka. Kila suke litakalokuwa ndani ya kamba litakatwa, litapurwa, litapepetwa na kupimwa. Litakalokuwa nje hata kwa upana wa kidole si lake.

Juu ya tuta, wanaume kumi na mmoja wamechuchumaa wakimtazama. Leo hakuna aliyemsalimia.

"Binti, umemaliza kucheza?" mmoja anauliza.

"Bado, mjomba. Nikimaliza nitakuita tucheze wote."

Wawili wanacheka, kisha wanakumbuka kwamba leo si siku ya kucheka.

Chandana ana miaka ishirini na saba na ni mpimaji wa mavuno wa mkataba katika wilaya ya Bankura, Bengali Magharibi. Analipwa rupia mia tano kwa kila shamba. Msimu ukiwa mzuri anapata mashamba ishirini, na msimu ukiisha hana kazi mpaka mwingine uanze. Leo ana shamba moja tu, namba 418. Kesho saa tatu na nusu asubuhi, mjini Kolkata, ana mtihani wa kuingia shahada ya uzamili ya takwimu. Treni yake inaondoka saa kumi na dakika kumi alasiri, na kituo kiko kilomita kumi na moja kutoka hapa alipochuchumaa.

Mtihani huu ameufanya mara mbili na kufeli mara mbili. Mwaka wa kwanza anasema alistahili kufeli. Mwaka jana bado unamuuma. Alikosa nafasi kwa alama moja na nusu, na swali lililomwangusha lilikuwa na alama mbili.

"Jibu nilikuwa nalo," anasema. "Sifuri nukta tatu saba. Nikaandika sifuri nukta tatu tano."

Sababu yake ingechekesha kama isingekuwa ya kuliza. Kwenye fomu za mavuno, uzito huandikwa kwa kukadiria gramu hamsini zilizo karibu. Miaka minne mkono wake umezoea kuisukuma kila namba mpaka iishie kwenye sifuri au tano. Siku ya mtihani, kichwa kikiwa kimechoka, mkono ukafanya kazi uliyoizoea. Aligundua wiki tatu baadaye, majibu yalipotangazwa, akiwa jikoni anamenya viazi.

"Wifi aliniuliza kama nimejikata kidole. Nilikuwa nalia hivyo."

Wifi huyo ni Malati, mke wa kaka yake Bidyut, na ndiye aliyembeba Chandana kuliko mtu yeyote. Miaka mitatu iliyopita, baba yao mhunzi alipofariki, Malati ndiye aliyewaambia wote wakiwa wamekaa sakafuni wanakula: "Huyu mpeni miaka mitatu. Kupika nitapika mimi." Tangu siku hiyo Chandana hajakanda unga asubuhi hata mara moja. Saa kumi na moja alfajiri yuko mezani na maswali ya miaka iliyopita, saa ya jikoni imetegwa mbele yake, wifi akipita kwa kunyata.

Miaka mitatu inakwisha mwaka huu. Malati ni mjamzito wa miezi saba. Julai nyumba itakuwa na mtoto mchanga na mama anayehitaji kupumzika, na wa kushika jiko ni mmoja tu. Hakuna aliyemwambia Chandana kwamba hii ni mara ya mwisho. Anajua kuhesabu.

Mwalimu wake ni Anadi Nandi, mstaafu wa chuo cha mjini, ambaye humpigia simu bila hodi na kumrushia maswali popote alipo. Hata asubuhi ya leo, akiwa juu ya baiskeli njiani kuja shambani, simu iliita.

"Unarusha sarafu mpaka upate vichwa viwili mfululizo. Kwa wastani utarusha mara ngapi?"

"Sita, Mwalimu."

"Umehesabu au umekariri?"

"Nimekariri."

"Basi umekosa. Shuka kwenye baiskeli uhesabu."

Akashuka, akahesabu kwa kidole kwenye vumbi la kiti. Zikatoka sita. Mwalimu akakata simu bila kusema hongera. Chandana anasema hongera ya mzee Nandi ni kutotukanwa.

Shamba namba 418 lilitakiwa kuvunwa Jumatano. Jumatano mvua ikanyesha. Alhamisi ni siku ya Lakshmi, mungu wa kike wa mavuno na mali, na mwenye shamba, Nemai Ghorui, mzee wa miaka sitini na moja, hakutaka hata kusikia habari ya mpunga kutoka mikononi mwake siku hiyo. Ijumaa mashina bado yalikuwa yamelowa. Ikabaki Jumamosi, na mawingu ya dhoruba za mwezi huu huwa hayakosi kufika jioni. Ndivyo siku nne zilivyopungua zikawa moja, na siku hiyo moja ikaangukia treni.

Lakini wale wanaume juu ya tuta hawakuja kwa sababu ya dhoruba. Wiki mbili zilizopita mvua ya mawe ilipita upande wa magharibi wa kijiji na kulaza mpunga wote chini. Wakulima mia sita wa kata hii wana bima ya mazao, na bima ina sheria yake. Mashamba manne yanachaguliwa kwa namba nasibu, yanapimwa, unatafutwa wastani. Ukiwa chini ya kilo tisa kwa mraba, wote mia sita wanafidiwa. Ukifika tisa, hapati mtu. Mashamba matatu yalikwisha kupimwa na mpimaji mwingine, yakatoa kilo sita nukta nne, saba kamili na tano nukta tisa. Hapo kijiji kilikuwa kinapumua.

La nne ni hili la Nemai, lililokingwa na tuta la mfereji. Mawe hayakuligusa. Mpunga umesimama wima, masuke yameinama kwa uzito.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Haripada Mete, mzee mwembamba mwenye kitambaa begani. Chandana alishuka moyo alipomwona, kwa sababu Haripada ni baba yake Malati.

"Mwanangu," alisema, "hapo ng'ambo ya tuta kuna shamba langu. Hatua ishirini tu. Ng'oa hicho kigingi, ukapime kule."

"Baba, namba imetoka 418."

"Namba imetoka wapi? Kwenye karatasi. Mimi nakuonyesha shamba."

Nemai mwenyewe akaingilia, na maneno yake ndiyo yaliyomchoma Chandana kuliko yote. "Binti, hata mimi nakuomba. Sogea. Nikivuna peke yangu na hawa wakakosa, nitakaa wapi kunywa chai?"

Si kila siku mkulima anaomba mavuno yake mazuri yasionekane.

Simu ikaita. Msimamizi wake, Bwana Samanta, alikwisha pata habari. Chandana aliweka sauti nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na matope, kwa hiyo tuta zima likasikia.

"Wewe si una mtihani kesho?"

"Ninao, bwana."

"Sasa ugomvi wa nini? Sogeza kigingi, wafurahi, wakusainie, uwahi treni. Nani atakuja kupima tena?"

"Picha ya shamba ninayotuma kwa simu inaonyesha mahali, bwana."

"Picha naipokea mimi."

Wanaume kumi na mmoja wakamtazama. Ikiwa kuna mtu duniani alikuwa na sababu ya kusogeza kigingi hatua ishirini, alikuwa huyu msichana mwenye begi la safari linalomsubiri mlangoni, na ambaye baba wa wifi yake ndiye anayeomba. Anakiri kwamba aliwaza. "Niliwaza sana. Nilikwisha kukishika kigingi."

Badala ya kuking'oa, alichukua kijiti.

Akapanda kwenye tuta, akafuta mahali penye vumbi, akaandika namba tatu za mashamba yaliyopimwa. Akazijumlisha mbele yao: kumi na tisa nukta tatu. Kilo tisa mara mashamba manne ni thelathini na sita. Akatoa.

"Oneni wenyewe. Ili shamba la mzee Nemai liwaharibie, lazima litoe kilo kumi na sita na gramu mia saba. Chini ya hapo, mnalipwa nyote. Miaka minne napima tarafa hii, sijawahi kuona mraba unaovuka kilo kumi na tano. Hata mmoja."

Haripada alichuchumaa kuzikagua zile namba, akazijumlisha tena kwa vidole vyake. Zikakubali.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kila akikumbuka neno hilo, anajiziba uso kwa mikono.

Umande ulipokauka, saa tatu na nusu, wakamwachia. Zaidi ya kumwachia, wakamsaidia. Vijana wawili walishika mundu, Nemai akatandika turubai, mtu akaenda kuleta chai. Wakati wa kupura wakataniana kama sikukuu imefika, mmoja akamwambia Chandana akifaulu huko Kolkata asirudi na miwani na kujifanya hawajui.

"Nitawajua," akajibu. "Nitajifanya siwajui mkiniomba hela."

Wakapepeta. Wakajaza gunia. Saa saba na nusu mchana Nemai akalitundika kwenye mzani.

Chandana alisoma namba. Akalishusha gunia, akahakikisha mzani umerudi kwenye sifuri, akaomba Haripada alitundike kwa mkono wake mwenyewe. Namba ikawa ileile.

Kilo kumi na sita na gramu mia tisa.

Hakuna aliyehitaji kijiti. Wastani ulikuwa kilo tisa na gramu hamsini, na wakulima mia sita walikuwa wamekosa fidia kwa kiasi cha mpunga kinachoenea kwenye kiganja cha mkono.

"Ulisema una hakika," Haripada alisema polepole.

"Nilisema sijawahi kuona, baba. Nikadhani ni kitu kimoja."

Mwalimu Nandi angemtukana kwa kosa hilo, na angekuwa na haki. Mashamba aliyoyapima miaka minne yote yalikuwa ya miaka ya kawaida. Hakuna hata moja lililokaa nyuma ya tuta la mfereji, katika mwaka ambao mwenye shamba aliamua kununua mbegu mpya.

Mmoja wa vijana akasema kilichokuwa vichwani mwa wote: "Andika kumi na sita na nusu. Nani ana macho ya gramu mia nne?"

Chandana akaandika 16.900. Aliandika kwa kalamu ya wino, haraka, kabla roho haijabadilika.

Fomu inahitaji saini mbili za mashahidi, la sivyo haina thamani, na mpimaji asiyerudisha fomu haruhusiwi kuondoka kijijini. Wanaume walikaa tena juu ya tuta. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa. Walikaa tu. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Chandana alikaa kando ya gunia akiwa na fomu magotini, akijaribu kupitia kanuni zake kichwani na kila kanuni ikimkimbia. Saa tisa. Kila alipotazama simu, walimwona akitazama.

"Treni ya saa kumi na dakika kumi, eh?" mmoja akasema. "Kuna mwendo mpaka kituoni."

Anasema hapo ndipo alipojua kwamba mtihani unaweza kumponyoka akiwa hajaketi kwenye kiti, na bila kukosea hata swali moja.

Saa tisa na robo Nemai alinyanyuka. Akaichukua kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja, na kurudi kukaa, safari hii mbali kidogo na wenzake. Wakamwachia nafasi, na ile nafasi haikuwa ya heshima.

Ikabaki saini moja.

Haripada alikuja mwishoni kabisa. Hakuigusa kalamu.

"Niambie jambo moja. Sisi tuko mia sita. Nani aliamua mashamba yawe manne?"

"Sijui, baba."

"Umesoma miaka yote hii, na hujui?"

"Sijui kwa nini manne. Najua ni machache."

"Machache kiasi gani?"

Hilo ni swali la mtihani kabisa, la sehemu ya pili, na hakuwa na jibu ambalo mzee huyu angeweza kulipeleka nyumbani.

Haripada alilitazama gunia. Ng'ombe wa mtu alikuwa ameanza kulisogelea, akamfukuza kwa kitambaa chake.

"Mzani nimeuona kwa macho yangu," alisema hatimaye. "Mbele ya mpunga sisemi uongo." Akasaini. Akairudisha kalamu bila kumtazama usoni. "Nenda."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Chandana alipanda baiskeli na kukanyaga kama mwendawazimu, ingawa alijua hesabu ilikwisha kukataa. Alikuwa nusu ya njia aliposikia honi ya treni.

Bwana Samanta alipiga simu jioni. "Ungenisikiliza, saa hii ungekuwa umekaa dirishani." Chandana alimwambia asante bwana, akakata.

Nyumbani habari zilikwisha fika kabla yake. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa sahani. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu, na ndani yake, juu ya kibali cha mtihani, kulikuwa na mfuko wa bisi za mchele na kipande cha sukari guru cha njiani. Wifi alimfungia kila kitu, lakini hakusema naye hata neno moja. Chandana anasema angependa apigwe kofi.

Treni nyingine ni ya alfajiri, ile ya wauza jibini na mboga. Alisafiri amesimama, kapu la mtu likimchoma mgongoni, na kufika Howrah, kituo kikuu cha Kolkata, saa mbili kasoro dakika ishirini. Akapanda basi, nalo likakwama darajani. Akashuka akakimbia. Geti la kituo cha mtihani hufungwa saa tatu kamili. Mlinzi alikuwa ameshika kufuli mkononi.

"Wewe unatoka shambani?" alimwuliza, akiangalia matope kwenye viatu.

"Ndiyo."

"Pita, pita."

Saa saba kasoro robo mchana anatoka pamoja na mamia ya vijana wenye chupa za maji na wazazi wanaowasubiri kivulini. Yeye hana wa kumsubiri. Anakaa kwenye ukingo wa barabara na kula bisi zilizobaki. Maswali sitini, amejibu hamsini na mawili. Manane ameyaacha, kwa sababu kukisia vibaya kunakata alama. Anasema hajui kama zinatosha, na safari hii hathubutu kusema ana hakika ya kitu chochote. Matokeo yatatoka katikati ya Juni.

Anapiga simu nyumbani. Inaita mara nyingi ndipo inapokewa.

"Wifi. Nimemaliza."

"Umekula?"

"Nakula sasa."

Nyuma ya Malati inasikika sauti ya mwanamume. Haripada amekuja kumwona binti yake.

"Baba anauliza," Malati anasema, kwa sauti ya mtu anayetumwa tu, "ukifaulu ndiyo utaacha kuja na ule mzani?"

"Mwambie sitaacha. Nikipata nafasi ni miaka miwili. Nikitoka nataka kazi kule wanakopanga idadi ya mashamba. Alitaka kujua manne ni machache kiasi gani. Nimelifikiria usiku kucha, mpaka ndani ya treni. Mwambie tukipima kumi na sita badala ya manne, kosa linapungua nusu. Shamba moja nyuma ya mfereji haliwezi tena kuwanyima watu mia sita. Nataka kwenda kuwaambia hivyo nikiwa na hesabu mkononi, wasinione mtoto wa mhunzi anayelia."

Malati anageuka kumweleza baba yake. Inachukua muda, anaulizwa, anarudia, anasema "kumi na sita" mara mbili. Kisha anarudi kwenye simu.

"Amesikia," anasema.

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Ameanza kuhesabu kwa vidole."

Chandana anasubiri. Barabarani basi linapita, halafu jingine.

"Na wewe unasemaje, wifi?"

Malati anasogea na simu mbali na baba yake.

"Mimi?" anasema. "Wewe ufaulu." Na anakata simu.